Havionekani, Lakini Havijaondoka



Sisi wauguzi tulio pia katika kikundi cha akina mama kanisani huwa tunatembelea wagonjwa Jumamosi alasiri. Katika ziara moja tulimkuta dada mmoja, mjamzito wa miezi mitano, ambaye alikuwa ameacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. "Si ninyi mlisema virusi havionekani?" akatuuliza. "Nilimshukuru Mungu, nikaacha dawa."

Tulikosa la kusema. Ni kweli, majibu hayo tulimpa sisi kliniki. Tulimpongeza, kisha tukamwita mwingine aliyekuwa kwenye foleni. Leo tunawaeleza ninyi yale ambayo tulipaswa kumweleza yeye siku ile.

Kirusi ni kidogo mno, hata darubini ya kawaida ya maabara haikioni. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaana chenyewe. Ni kama mtu asiye na jiko, sufuria wala kuni, aliyebeba karatasi tu yenye maelezo ya mapishi. Ili apike, ni lazima aingie jikoni kwa mwenzake.

Jiko hilo ni seli, yaani chembe hai za mwili wetu. Kirusi cha UKIMWI hutafuta hasa chembe nyeupe za damu zenye kitasa kiitwacho CD4. Hizo ndizo askari wa mwili. Kwa nje kirusi kina ufunguo unaoingia katika kitasa hicho. Kikishajishika, utando wake huungana na utando wa seli, na karatasi yake huingia ndani. Huko hunakiliwa upya kwa maandishi ya seli, kisha hushonwa katikati ya daftari la seli yenyewe. Seli husoma ukurasa huo kana kwamba ni wake, ikapika virusi vipya kwa wingi, na hatimaye hufa.

Vidonge tunavyotoa kliniki huzuia kule kunakili na kule kushona. Ndiyo maana virusi hupungua katika damu mpaka kipimo hakivioni. Lakini ukurasa uliokwisha kushonwa haufutwi na vidonge hivyo. Baadhi ya seli hulala nao kimya kwa miaka mingi. Dawa ikiachwa na seli hizo zikaamka, virusi hurudi katika damu, mara nyingi ndani ya wiki chache tu.

Kwa mjamzito jambo hili ni zito zaidi. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Dawa zikitumiwa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Jumatatu ile mmoja wetu alimsindikiza dada yetu kliniki, akaanza tena dawa. Mtoto alipozaliwa alipewa dawa ya maji ya kumkinga. Kipimo cha wiki sita hakikukuta virusi. Hata hivyo tuliendelea kusubiri kwa hofu, kwa kuwa alikuwa ananyonya. Alipotimiza miezi 18, akiwa ameachishwa ziwa, alipimwa tena. Alikuwa salama. Mama yake alilia pale pale dirishani, nasi tukalia naye.

Akina mama, tuwaombee wagonjwa wetu bila kuchoka, lakini tusimwambie mtu yeyote aache dawa. Ukipewa majibu usiyoyaelewa, usiondoke. Uliza mpaka uelewe. Nasi tumejifunza. Siku hizi kabla ya kutamka neno "havionekani", tunamketisha mama kwanza, tunamweleza habari za jiko na daftari, kisha tunamwomba atueleze yeye alivyoelewa.