Kopo, Sukari na Kimea cha Mama

Wiki iliyopita, nilipomaliza mhadhara kuhusu sera ya viwanda, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliinua mkono akauliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Mwalimu," alisema, "kila semina tunapewa njia mbili tu. Ama tununue kila kitu kilichokwisha kutengenezwa na wengine, ama tujenge kila kitu wenyewe kuanzia msingi. Hivi hakuna anayeanza na nusu?" Nilimtajia nchi mbili tatu, nikamwelekeza kwenye vitabu, na muda ukaisha. Usiku ule nilitambua kwamba jibu nililokuwa nalo halikutoka vitabuni. Lilitoka katika jiko la nyumba moja mjini Leeds, Uingereza, na kabla ya hapo katika ua wa nyumba yetu, Songea. Ni jibu linalohusu pombe, na ninamwomba msomaji asiyekunywa anivumilie.

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nimepanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Kila baada ya wiki tatu hivi mzee huyu alipika bia jikoni mwake. Mwanzoni niliona kazi yake ni nyepesi mno kustahili jina la upishi. Alinunua kopo lenye kilo moja na nusu hivi ya rojo zito, jeusi na tamu, lililotengenezwa kiwandani kwa kukamua kimea cha shayiri na kukichanganya na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Rojo hilo alilimimina katika ndoo, akaongeza maji ya moto na kilo moja ya sukari nyeupe, akajaza maji ya baridi hadi lita 23, kisha akanyunyiza hamira iliyokuja na kopo. Baada ya wiki moja au mbili bia ilikuwa tayari kutiwa chupani.

Ilinyweka, lakini ilikuwa nyepesi kinywani, na nyuma yake kulikuwa na ladha kavu isiyo na mwili. Mzee mwenyewe alinieleza sababu. Sukari nyeupe huliwa yote na hamira. Huacha kileo na hewa, wala haiachi kitu kingine. Nguvu ya bia inaongezeka, bia yenyewe haiongezeki.

Kwa hiyo alikuwa na njia yake ya pili. Kopo alilibakiza, sukari akaitoa. Mahali pa sukari aliweka kimea halisi, punje za shayiri zilizooteshwa, zikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Kilo moja na robo tatu ya kimea hutoa utamu unaokaribiana na ule wa kilo moja ya sukari. Alikiloweka katika lita tano za maji ndani ya sanduku lile ambalo wenzetu hubebea vinywaji vya baridi wanapokwenda matembezini, akihakikisha kwa kipimajoto kwamba mchanganyiko umesimama kwenye nyuzi 66. Baada ya saa moja alichuja, akazisuuza punje kwa maji ya moto ili asipoteze utamu uliobaki, akachemsha maji yale kwa muda mfupi, ndipo akalifungua kopo. Nusu ya bia ilitoka kiwandani, nusu ilitoka mikononi mwake. Tofauti ilitambulika hata kwa mtu asiye mjuzi, kwani ilikuwa na povu linalokaa, harufu ya nafaka na uzito mdomoni.

Nilipoomba nifanye mwenyewe, niliharibu. Nilikuwa na haraka ya kuwahi maktaba, nikamimina maji yanayotokota moja kwa moja juu ya kimea, kisha nikaweka sufuria motoni ili, kwa hesabu zangu, mambo yaende upesi. Mzee aliporudi alichukua tone la mchuzi ule akaliwekea iodini kwenye kisahani cheupe. Kila aliyepita shule ya msingi kwetu anakumbuka jaribio hilo. Tone liligeuka bluu iliyokolea karibu na weusi, ishara kwamba wanga ulibaki wanga. Vimeng'enya vilivyomo katika kimea, vile vinavyoukata wanga ukawa sukari, haviwezi kustahimili joto la namna hiyo. Nilikuwa nimepika uji wa shayiri. Mzee alisema kwa upole kwamba tuumwage tununue mwingine kesho.

Jioni hiyo nilikuwa na kadi ya simu yenye dakika chache, nikampigia mama. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimsimulia mkasa wangu kama kichekesho. Hakucheka. "Baba," aliniambia, "wewe umekaa kwenye ua wangu miaka yote ile, unatiaje kimea kwenye uji wa moto? Umekiua. Sasa usimwage. Acha upoe, chukua kimea kingine kidogo kibichi, koroga, funika. Kitaufufua."

Aliposema kibichi alimaanisha kimea ambacho hakijaguswa na moto. Nilimweleza mzee. Aliinua nyusi, lakini tuliacha sufuria ipoe hadi nyuzi 65, tukaongeza nusu kilo ya kimea kipya, tukaifunga kwa blanketi. Baada ya saa moja na nusu uji ule mzito ulikuwa umelainika kama maji ya matunda. Tuliweka tone jingine la iodini, nalo likabaki na rangi yake ya kahawia. Mzee alilitazama kwa muda, kisha akauliza mama yangu alisomea wapi.

Swali hilo nimelibeba kwa zaidi ya miaka 20. Mama alisoma hadi darasa la nne. Alichonifundisha kwa simu ni kile ambacho kila mpishi wa togwa Ruvuma, Njombe au Iringa anakijua. Hupika uji wa mahindi, huusubiri upoe hadi kidole kivumilie, ndipo atie unga wa kimea cha ulezi. Mama hutumia joto la chini kuliko lile la mzee, na hukipa kimea muda mrefu zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Kimea kidogo kilicho hai hubadili chungu kizima. Wataalamu wa lishe waliithibitisha kanuni hiyo nchini mwetu miaka ya 1980, walipoonyesha kwamba unga wa kimea hulainisha uji mzito wa mtoto bila kuuongezea maji, hivyo mtoto akapata chakula kingi zaidi katika bakuli lile lile. Walikuta elimu hiyo imekaa vijijini, mikononi mwa wanawake.

Mikono hiyo hiyo nimewahi kuiona ikitetemeka. Nilipokuwa darasa la sita, askari mgambo waliingia uani kwetu asubuhi, wakauliza kibali cha pombe. Mama alikuwa nacho, ila muda wake ulikuwa umepita kwa siku nne. Walipindua mapipa mawili ya pombe ya mahindi na ulezi iliyokuwa ilipiwe ada ya kaka yangu. Mama hakubishana. Alichukua jembe akafukia matope yale kwa sababu nzi walianza kujaa.

Kule Uingereza nako sheria iliwahi kumwingilia mpishi wa nyumbani. Tangu mageuzi ya kodi ya William Gladstone ya mwaka 1880, aliyepika bia kwake alitakiwa kuwa na leseni. Mwaka 1963 Waziri wa Fedha Reginald Maudling aliifuta kwa wasiouza, na biashara ya makopo na vifaa vya nyumbani ikachanua. Marekani ilifuata mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kusamehe kodi bia ya nyumbani. Ken Grossman, aliyeanzisha kiwanda cha Sierra Nevada huko California mwaka 1980, alikuwa kwanza mpishi wa nyumbani mwenye duka la vifaa vya wapishi wenzake. Wenzetu waliruhusu jiko liwe darasa, na baadhi ya wahitimu wa darasa hilo wakawa wenye viwanda. Kwetu mwenye ujuzi huo alijulikana serikalini kwa jina la mtuhumiwa.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Mama aliuza, hakupika kwa kujifurahisha, na waliokunywa walikuwa baba za wanafunzi wenzangu. Ada yangu ililipwa kwa fedha ambazo baadhi yao walipaswa kuzipeleka nyumbani. Nawajua wawili walioacha shule kwa kukosa ada, na baba zao walikuwa wateja wetu wa kila jioni. Mama alilijua hilo. Kuna watu aliwakatalia kuwauzia, na kuna siku alishindwa kuwakatalia kwa sababu sisi nasi tulikuwa tunadaiwa. Dola ina haki ya kusimamia pombe. Lakini kusimamia ni jambo moja, na kudhani kwamba ndani ya pipa hamna elimu ni jambo jingine.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Nusu ipo, lakini inategemea unaondoa nini kwanza. Mzee wa Leeds hakuanza kwa kulitupa kopo, kwa maana kopo lilikuwa na kazi ngumu ambayo hakuwa tayari kuifanya. Aliondoa sukari, yaani kile kilichojaza ndoo bila kumfundisha chochote, akaweka mahali pake sehemu ya kazi inayodai kupima joto, kusubiri na kukosea. Mara ya nne au ya tano alijua kilichomo ndani ya kopo, kwa sababu alikuwa ameshakitengeneza sehemu yake kwa mkono.

Sisi tuna makopo mengi: mitaala, mifumo ya kompyuta, mitambo inayofika na mafundi wake, hata mipango ya maendeleo iliyoandikwa na washauri wa mbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituambia tujitegemee, na wengi wetu tulilielewa kama agizo la kulitupa kopo siku moja. Tuliposhindwa, tulirudi dukani tukiwa na aibu, na tangu hapo tunaongeza sukari tu, semina juu ya semina, ripoti juu ya ripoti. Ndoo inajaa na nguvu inaonekana kwenye takwimu, lakini ujuzi haubaki. Ningependa kila mradi unaosainiwa uulizwe swali moja la jikoni: ni sehemu gani ya kazi hii tutaifanya wenyewe safari hii, hata kama tutaiunguza?

Na ukiungua, tusiumwage kabla hatujamuuliza mtu. Mwaka jana nilimpeleka mama chuoni kwetu kwa matibabu ya macho, tukapita mbele ya maabara ya sayansi ya chakula. Mhadhiri kijana alikuwa akiwafundisha wanafunzi jaribio la iodini kwa kimea cha ulezi. Nilimtambulisha mama kwake kama mpishi wa togwa wa miaka 40. Kijana aliamkia, akaendelea na somo. Mama alisimama mlangoni kidogo, akachungulia bika iliyokuwa ikifuka mvuke, akaninong'oneza, "Baba, mwambie mwalimu huyo moto wake umezidi."

Sikumwambia. Niliona haya kumkatiza mwenzangu mbele ya wanafunzi wake, nami ni mtu ninayeandika makala kama haya.