Safu ya Pembeni

Mzee aliyenifunza kuhesabu ndege amefariki, na mazikoni vijana waliniuliza, kwa adabu, kazi yetu ilikuwa nini hasa; ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nilizaliwa Buyenzi, mtoto wa muuza ndagala, nikasoma kiasi cha kupewa kalamu, na ujana wangu hauna ajabu ya kusimulia. Habari yaanzia pale mto Rusizi uingiapo Ziwa Tanganyika, karibu na Gatumba, mahali palipofanywa hifadhi mwaka 1980 na kutiwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka 2002, ambapo kila baridi ishikapo Ulaya huwasili membe, vitwitwi na mbayuwayu waliokwisha kuivuka Sahara.

Mzee alikuwa mlinzi wa hifadhi. Kundi likiruka, alichagua ndege kumi, akaishika kwa jicho nafasi waliyoijaza, akaikariri mpaka apate mia, kisha akaipitisha mia ile juu ya kundi zima, midomo ikimcheza kama mtu avutaye uradi. Ila hakuanza ndege kabla ya kuhesabu wakata matete, ng'ombe waliochungwa ukingoni, na mitumbwi. Hayo niliyaandika katika safu ya pembeni, na safu hiyo ndiyo iliyozua ugomvi. Mkubwa mmoja, ambaye viatu vyake sikupata kuviona na tope, aliamuru ifutwe, akidai kwamba ng'ombe si elimu ya ndege. Nilinyamaza, nikaendelea kuandika. Na hata sasa nashikilia kuwa idadi ya membe, pasipo kujulikana nani alipita na panga alfajiri ile, haielezi kama ndege wamepungua au wamehamia tu ng'ambo ya Kongo.

Hesabu ya ndege wa majini barani Afrika, ifanywayo kila Januari tangu 1991, ina manufaa makubwa, lakini haiwatoshi wapita njia, ambao aghalabu hushuka Oktoba na kurejea kaskazini Machi. Enyi vijana, msiniletee picha ya ndege mmoja adimu mkaiita utafiti! Rudini palepale mwezi hadi mwezi, na mkata matete msalimuni kabla ya kumfukuza, maana yeye alikuwapo mwaka 2020 Rusizi ulipovunja kingo na kuigharikisha Gatumba, nanyi hamkuwapo.

Madaftari yangu yapo nyumbani Gihosha, ndani ya mfuko wa nailoni kwa kuhofia mchwa. Atakayetaka kunakili na aje, kwa sharti kwamba safu ya pembeni ainakili nayo.