Kutafuta Chanzo cha Kelele: Funzo Nililolipata Gereji

Katika vyuo vyetu vya ualimu tumezoea kuwaeleza wanachuo kwamba mwalimu hana budi kulitambua tatizo la mwanafunzi kabla ya kulitafutia dawa. Kanuni hii nimeifundisha kwa miaka kadhaa. Nimeiandika ubaoni, nimeitungia maswali ya mtihani, na majibu yake nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo nakiri kwamba sikuielewa barabara mpaka siku niliposimama chini ya mwembe, kando ya barabara kuu, nikimtazama fundi mzee akikataa kushika spana. Mficha uchi hazai. Kwa hiyo nitayaeleza mambo kama yalivyotokea, pamoja na yale yasiyonipa sifa.

Nilinunua gari dogo lililokwisha kutumika. Lilitoka Japani, kama yalivyo magari mengi ya watu wa kipato changu, na nililinunua kwa mkopo ambao bado ninakatwa katika mshahara. Shabaha yangu ilikuwa kuwafikia wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, maana baadhi ya shule tunazozitumia zi mbali na chuo na mabasi hayafiki kila siku. Baada ya miezi minne hivi, gari lilianza kutoa sauti ngeni. Ulikuwa mvumo mzito, kama wa mashine ya kusaga nafaka inayosikika kutoka ng'ambo ya kijiji. Ulianza gari lilipofikia mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ukazidi kwenye 60, na kwenye 80 abiria walilazimika kupaza sauti ili wasikilizane.

Nililipeleka kwenye gereji moja mjini. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, kisha akasema, "Mwalimu, hizo ni shokapu za mbele. Magari ya aina hii ndio ugonjwa wake." Hakuingia ndani ya gari, wala hakuliendesha hata hatua kumi. Shokapu mbili zikabadilishwa, na mvumo ukabaki. Niliporudi akasema kwamba basi ni tairi. Nikanunua tairi mbili, na mvumo ukabaki vile vile. Kwa hesabu niliyoiweka daftarini nilikuwa nimekwisha kutumia shilingi 460,000, na faida pekee niliyoipata ilikuwa kujua kwamba tatizo halikuwa shokapu zile, wala tairi zile.

Wiki iliyofuata nilitakiwa kuteremka Mlima Kitonga nikiwa na wanachuo wanne, kuelekea shule za upande wa Ruaha Mbuyuni. Anayeufahamu mteremko ule, na malori yanayopanda na kushuka pale, atanielewa nikisema kwamba sikupata usingizi. Mkufunzi mwenzangu ndiye aliyenishauri nimwone fundi mmoja mzee ambaye hana gereji yenye kuta wala kibao.

Mzee yule aliitikia shikamoo yangu, akaketi juu ya tairi kuukuu, akaanza kuniuliza maswali. Sauti huanza lini? Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, husikika? Asubuhi ni sawa na mchana? Ukikanyaga breki hubadilika? Penye kona je? Nusu ya maswali hayo sikuweza kuyajibu, ingawa nilikuwa nimeishi na kelele ile kwa wiki sita. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, "umeisikia, lakini hujaisikiliza. Twende tukaisikilize."

Tulitoka na gari, mimi nikiendesha na yeye akiwa kando yangu, amefumba macho. Alifanya majaribio matatu, na katika kila jaribio alibadili jambo moja tu.

Kwanza, alitaka tupite kwenye lami mpya, kisha kwenye lami kuukuu yenye kokoto zilizojitokeza, kwa mwendo ule ule. Alieleza kwamba sauti ya tairi hubadilika kufuatana na ardhi inayokanyagwa. Mvumo wetu haukubadilika.

Pili, tulipofika mahali tambarare pasipo na magari, nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60, aliniambia niweke gia huru. Injini ilishuka na kutulia, lakini mvumo uliendelea, ukapungua polepole kadiri gari lilivyopunguza mwendo. Kwa hiyo haukutoka katika injini. Ulifuatana na mzunguko wa magurudumu.

Tatu, aliniagiza nizungushe usukani taratibu, kulia na kushoto. Tulipokata kulia mvumo ulizidi. Tulipokata kushoto ulififia. Alinieleza sababu yake. Gari linapokata kulia, uzito wake huegemea magurudumu ya kushoto, na beringi iliyochakaa hulia zaidi inapobebeshwa mzigo. Beringi ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani yake, inayoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi. Katika magurudumu manne tukawa tumebakiwa na mawili.

Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba sauti ilitoka mbele. Mzee hakubishana nami. Alirudi chini ya mwembe, akakinga magurudumu kwa mawe, akainua gari kwa jeki na kuweka kigogo chini yake kwa usalama. Alilizungusha gurudumu la mbele la kushoto kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaushikiza kwenye springi. Hakukuwa na kitu. Alipofanya vivyo hivyo kwa gurudumu la nyuma, alinivuta mkono wangu akauweka palipokuwa pake. Springi ilikuwa ikitetemeka. Kisha akachukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha yake penye kitovu cha gurudumu, na mpini akauweka sikioni. Nami nilipoweka sikio langu nilisikia mkwaruzo ulio dhahiri, kama mchanga unaosagwa kati ya mawe mawili.

Wakufunzi wa Sayansi watakumbuka kwamba sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde, ambapo katika chuma husafiri zaidi ya mita 5,000. Ndiyo maana mvumo wa nyuma ulienea katika bati lote la gari na kunidanganya kwamba upo mbele. Ndiyo maana pia bisibisi ya mzee ilisema kweli. Mwaka 1816 daktari René Laennec wa Paris alikunja karatasi ikawa mrija, akaweka upande mmoja kifuani mwa mgonjwa na upande wa pili sikioni mwake, akausikia moyo vizuri kuliko alivyozoea. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa stetoskopu. Kila mmoja wa watu hawa wawili alisogeza sikio karibu na chanzo kabla ya kutamka jina la ugonjwa.

Beringi ilipotolewa, njia za gololi zilionekana zimechimbika. Mzee alinieleza kwamba ingeachwa hivyo gurudumu lingezidi kulegea, na beringi ingeweza kukwama au kuvunjika gari likiwa katika mwendo. Aliyasema hayo bila kupaza sauti. Mimi nilikuwa nikiwafikiria wanachuo wanne na mteremko wa Kitonga. Gharama ya kazi yote haikufikia nusu ya bei ya shokapu zile.

Njiani kurudi chuoni gari lilikuwa kimya. Katika ukimya huo nilikumbuka karatasi niliyokuwa nimeiandika wiki mbili kabla ya siku ile.

Nilikuwa nimemtembelea mwanachuo mmoja, msichana mpole, aliyekuwa akifundisha Hisabati katika Darasa la Tatu lenye wanafunzi 74. Niliketi nyuma kwa dakika 20 kwa sababu nilikuwa na shule nyingine ya kuifikia kabla ya jioni. Darasa lilikuwa na kelele. Katika karatasi ya tathmini niliandika: "Mwalimu hana sauti ya kutosha wala udhibiti wa darasa." Nikampa alama ya chini kabisa niliyopata kuitoa mwaka ule, nikamshauri awe mkali na apaze sauti, nikaondoka. Ni dhahiri kwamba nilikuwa nimebadilisha shokapu bila kuingia ndani ya gari.

Nilipomrudia nilimkuta sauti imemkauka. Alikuwa ameufuata ushauri wangu kwa siku kumi na nne, na kelele zilikuwa pale pale. Mwalimu mkuu alinidokeza kwamba binti yule alikuwa ameanza kusema kwamba kazi hii haikuumbiwa yeye.

Safari hii niliketi naye kabla ya kipindi, nikamwuliza maswali ya yule mzee. Kelele huanza lini? Alijibu bila kusita. "Asubuhi darasa hutulia, Mwalimu. Kelele huanza baada ya mapumziko, nami nikiwa ninaandika ubaoni. Huanzia upande wa ukutani, sio wa madirishani." Nilimwuliza kwa nini hakunieleza tangu mwanzo. Aliinamisha macho akasema, "Sikuulizwa, Mwalimu."

Tulikwenda wote wawili tukaketi kwenye madawati ya upande wa ukutani. Rangi ya ubao ilikuwa imechakaa na kuteleza, na jua la saa zile lilipopita madirishani liling'aa juu yake kiasi kwamba tarakimu hazikusomeka. Watoto walikuwa wakiulizana kilichoandikwa. Tukakubaliana abadili jambo moja tu: aandike kwenye nusu ya ubao iliyokuwa kivulini, na mengine yote ayaache yalivyo. Kipindi kile kile sehemu kubwa ya kelele ilikwisha.

Sehemu ndogo ilibaki, nayo ilitufundisha zaidi. Watoto watano waliendelea kunong'ona hata baada ya kuuona ubao. Tulifungua madaftari yao. Kwa 52 − 27 walikuwa wameandika 35. Kwa 81 − 46, 45. Kwa 63 − 38, 35. Mtu mwenye haraka angeweka alama ya kosa mara tatu na kusema kwamba hawa hawajui kutoa. Lakini hayo ni kosa moja lililotokea mara tatu: kila walipokutana na tarakimu ndogo juu ya kubwa, waliigeuza wakatoa ndogo katika kubwa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walieleza kwamba makosa mengi ya watoto katika hesabu za namna hii hufuata utaratibu maalumu, ingawa ni utaratibu potofu, na kwamba mwalimu akiutambua anaweza kukisia jibu lisilo sahihi kabla mtoto hajaliandika. Tulijaribu. Tuliwapa 74 − 58, nasi tukaandika 24 pembeni. Wanne kati ya watano waliandika 24. Kesho yake mwanachuo yule aliwakalisha na mafungu ya vijiti kumi kumi, wakafungua fungu moja kila walipopungukiwa, na kabla ya mwisho wa wiki kosa lile lilikuwa limewatoka watatu.

Wakufunzi wenzangu, sina nia ya kudai kwamba darasa ni gari. Mtoto hafunguliwi kwa spana, na chanzo cha kosa lake hakionekani kwa macho kama gololi iliyochimbika. Hata hivyo utaratibu wa kuchunguza unaweza kutumika kote kuwili, nami nimeanza kuufuata katika mazoezi ya kufundisha. Nauliza kwanza tatizo hutokea lini na lini halitokei. Namwuliza aliye karibu nalo zaidi, yaani mwanachuo mwenyewe, na kupitia kwake wanafunzi. Nabadili jambo moja kwa wakati mmoja, ili likifanikiwa nijue ni lipi lililosaidia. Tena, nabaki mpaka kipindi kiishe. Kwa njia hii shule ninazozitembelea kwa siku zimepungua kutoka tatu hadi mbili, na jambo hilo nimemweleza mkuu wa chuo na sababu zake.

Mwanachuo yule alimaliza mazoezi yake kwa alama nzuri, na leo anafundisha. Niliandika karatasi ya pili ya tathmini, nikaeleza humo kwamba ya kwanza iliandikwa bila uchunguzi wa kutosha. Lakini ile ya kwanza bado imo katika jalada lake, na chini yake imo sahihi yangu.