Mwamba Ngoma

Katika lugha yetu neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli yenyewe inayowakusanya watu. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, mengi yamesemwa na kuandikwa kuhusu mchezo na shughuli. Kuhusu chombo ni machache. Katika shule nilizofundisha nimeona ngoma zikitolewa siku ya sherehe, kisha zikirundikwa stoo pamoja na majembe, hata zikapasuka au kuliwa na panya. Hapo wanafunzi huwekewa muziki wa mashine, wakalazimika kuifuata mashine isiyoweza kuwafuata wao.

Mimi nilifundishwa utunzaji wa ngoma na mzee mmoja wa pwani, mpigaji wa chapuo, nilipokabidhiwa kikundi cha utamaduni cha shule. Hakuanza kwa kupiga. Alianza kwa kuwamba. Ngozi ya mbuzi aliiloweka majini usiku kucha hata ikalainika, akaitandaza juu ya mdomo wa gogo lililochimbwa, akapigilia kigingi cha kwanza. Nilitazamia kwamba cha pili kingefuata kando yake. La, alikipigilia upande wa pili, mkabala na cha kwanza, kisha vingine viwili kwa msalaba, akaendelea hivyo mpaka duara likatimia. Alieleza kwamba ngozi ikivutwa mfululizo upande mmoja, mikunjo hukimbilia upande mwingine, na ngoma hutoa sauti mbili zinazogombana. Alipomaliza aliianika kivulini, isije ikakauka ghafula ikapasuka.

Tunasema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa methali hiyo twawaonya vijana juu ya ubinafsi. Lakini aliyewahi kuwamba anajua jambo la ziada: mwenye kuivutia kwake tu hapati ngoma. Pengine ndiyo sababu wazee waliichagua kazi hii kuwa mfano. Ubinafsi wa mwambaji haufichiki. Ngoma ikipigwa, itamtangaza.

Baada ya kuwamba huja kazi ya kurekebisha sauti. Ngozi hunywa unyevu wa hewa; ikinywa hulegea, na sauti hushuka. Ikipata joto hukauka na kukaza, na sauti hupanda. Kwa hiyo ngoma ya vigingi hukanzwa kwa moto. Mwanafunzi na ashike ngoma mbali kidogo na mwali, aigeuzegeuze, wala asiiache mahali pamoja. Kipimo chake ni mkono: mahali ambapo kiganja hakivumilii joto, ngozi nayo haivumilii. Kisha aiondoe motoni, agonge kwa ncha ya kidole karibu na ukingo, akizunguka. Sauti ikilingana kote, inatosha. Tamaa ya kuipandisha zaidi ndiyo iharibuyo, maana ngoma ikivuma sana hupasuka. Tena kila ngoma ina cheo chake: chapuo hulia juu, vumi hunguruma chini. Zikikazwa zote sawasawa, mchezaji hatambui ni ipi inayomwita. Na kwa kuwa umande wa usiku hulegeza ngozi upya, moto huachwa ukiwaka kando ya uwanja.

Tumba za bendi zetu za dansi zina pete za chuma na nati, hivyo hazihitaji moto. Hata hivyo sheria ni ile ile. Nati hukazwa kwa spana, robo mzunguko tu, kisha ile ya mkabala, mpaka zote zimepata haki yake. Mchezo ukiisha hulegezwa kwa utaratibu huo huo, ili ngozi na mbao zipumzike. Pwani upepo wa chumvi huleta kutu upesi; kwa hiyo chuma hufutwa kwa kitambaa kikavu, na meno ya nati hupakwa mafuta kidogo. Mafuta hayo yasifike kwenye ngozi, kwani mafuta mengi huilegeza na kuifisha sauti.

Haya yote si mambo makubwa. Hayadai fedha nyingi wala mitambo. Yanadai jicho, sikio na subira. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, hakiwezi peke yake kuwafunza vijana wa nchi nzima. Kazi hiyo ni ya kila shule, na katika vijiji vingi wazee waijuao bado wapo. Mwalimu awaalike, na kabla ya kuwapa wanafunzi ngoma iliyo tayari, awape kwanza ngozi mbichi, gogo na vigingi. Taifa linaloweza kucheza ngoma lakini haliwezi kuiwamba litacheza mpaka siku ngozi itakapopasuka.