Kistari

Mhariri wa São Paulo alinirudishia hadithi zangu Ijumaa usiku, karibu kila ukurasa ukiwa na alama nyekundu. Zilikuwa hadithi za watoto nilizozitoa katika Kiswahili kuzitia katika Kireno. Hadithi zenyewe hakuzilalamikia. Alilalamikia vistari. Aliandika kwa adabu kwamba nikivirekebisha kufikia Jumatatu atanilipa. Nikishindwa, kazi atampa mwingine. Na malipo hayo nilikwisha kumwahidi mama: mabati ya nyumba yake, Tanga.

Kireno nilijifunza Maputo, kwa mwalimu mzee aliyeandika ubaoni fim-de-semana, mwisho wa wiki, kwa vistari viwili, na asiyevitia alikosa alama. Lakini mwaka 1990 nchi zinazosema Kireno zilikuwa zimetia saini mkataba wa tahajia mjini Lisbon. Brazil ilianza kuutumia mwaka 2009, ukawa wa lazima mwaka 2016. Kwa hiyo nilikuwa nimekariri, tena kwa jasho, vistari ambavyo mhariri wangu hakuwa na haja navyo.

Nikakaa mezani (meza nayo tumeipata kwa Wareno) nikafungua sehemu ya 15 ya mkataba. Maneno yaliyoungwa kwa kiungo kama "de" hayatiwi vistari: fim de semana, sala de jantar. Ila cor-de-rosa, rangi ya waridi, inabaki navyo, na cor de vinho, rangi ya mvinyo, haina. Kwa nini? Eti matumizi yamekwisha kuizoea ile ya kwanza. Majina ya mimea na wanyama yanabaki na vistari vyake, ndiyo maana bico-de-papagaio, mdomo wa kasuku, ni mmea, lakini ukiondoa vistari unapata kijifupa kinachoota kwenye uti wa mgongo. Nilicheka peke yangu. Guarda-chuva, mwavuli wa mvua, ina kistari. Paraquedas, mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege, haina tena, kwa hoja kwamba watu wamesahau kuwa hayo yalikuwa maneno mawili. Nani aliyepima usahaulifu huo, mkataba hausemi.

Nikafika ukurasa wa 9. Nilikuwa nimeandika mal-criado, na mistari miwili chini yake bemcriado. Hapa sikuweza kumsingizia mwalimu wangu wala mkataba. Kosa lilikuwa langu. Malcriado, mtoto aliyelelewa vibaya, ni neno moja. Bem-criado, aliyelelewa vizuri, hutiwa kistari. Vivyo hivyo malnascido na bem-nascido, aliyezaliwa vibaya na aliyezaliwa vizuri. Mal hupata kistari mbele ya irabu au h, kama katika mal-estar. Kwingine hujigandisha moja kwa moja. Bem, mara nyingi, huwekewa nafasi yake.

Mkono ukasita.

Nilikuwa na miaka saba pale mama mmoja, tukiwa kwenye foleni ya maji bombani, aliponiita mwanaharamu. Sikujua maana yake. Nikaenda nyumbani kuuliza. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na hakuacha kukuna. "Nani kakwambia?" Nikamtaja. "Ukikutana naye kesho mwamkie shikamoo," akasema, na sinia likaendelea kujaa. Jibu la swali langu nililipata shuleni, kwa wenzangu, ambao hawakuwa na shida ya kunieleza.

Mwanaharamu nasi tunaliandika neno moja. Mwenzake ni mtoto wa halali, maneno matatu, na "wa" ya kuyashikiza. Sidai kwamba lugha mbili zilikaa kikao, wanaisimu watanicheka. Nasema tu kwamba vistari vingine niliviondoa kwa dakika moja moja, na hicho cha mal-criado kilinichukua muda mrefu.

Chini kidogo mkataba unakiri kwamba bem nayo mara nyingine huungana. Mfano mmojawapo ni benfeitor, mfadhili. Hapo m ya mwisho inageuka kuwa n, ndipo maneno yanashikana. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu alipouliza jina la baba, alitaja lake, bila kunitazama. Ndilo ninalotumia mpaka leo. Ndilo lililo juu ya hadithi zile.

Jumatatu alfajiri nikazituma. Adhuhuri mama akapiga simu.

"Kazi imekwisha, mwanangu?"

"Imekwisha, mama. Vilibaki vistari tu."

"Kistari ndiyo nini?"

"Kijiti kidogo hivi, unakiweka kati ya neno na neno."

Akanyamaza kidogo. "Na hao watu wanakulipa kwa hicho?"

"Wanalipa kwa kukiondoa pia."

"Haya. Mabati yamepanda bei, lakini."