Kuomba Macho Yakiwa Wazi

Binti yetu ana miaka minne. Anapumua kwa tundu alilofanyiwa kooni na kuwekewa mpira mdogo. Madaktari huita trakeostomi. Hewa yake haifiki kwenye sauti, kwa hiyo akilia hatumsikii. Ndiyo maana kila usiku mmoja wetu hukesha.

Hewa ya puani hupata joto na unyevu njiani. Yake huingia kavu. Homa ikija, mwili hupoteza maji, makohozi huwa mazito, na mpira unaweza kuziba. Kipimajoto kikifika nyuzi 38 tunaijua kazi yetu: dawa ya paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, maji kidogo kidogo, kufyonza makohozi kwa mashine na kuangalia rangi na harufu yake. Yakiwa ya kijani au yakinuka, au akipumua kwa kasi na mbavu zikibonyea, tunakwenda hospitali. Mpira wa akiba na mwingine mdogo zaidi havitoki kwenye mkoba. Malaria nayo tunapima, hatukisii.

Masika iliyopita homa ilipanda saa nane usiku. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kuomba nasi. Alipoona tunabeba mkoba, aliuliza kwa upole, "Wanangu, hatumngojei Bwana kwanza?"

Tukamjibu, "Mama, tutamngojea tukiwa njiani."

Alinyamaza, akajitwika mashine, akapanda bajaji pamoja nasi, akaomba kwa sauti mpaka mlangoni pa hospitali. Ilikuwa nimonia. Tulilazwa siku tisa.

Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu, anasimulia jinsi Yesu alivyoikemea homa ya mkwewe Simoni, naye akainuka mara. Kwetu homa haijawahi kuondoka hivyo, na wodini tulimwuliza Mungu kwa nini. Hatukupata jibu. Tulipata wauguzi waliokesha, na yule mama akileta uji kila asubuhi.

Sasa amejifunza kufyonza makohozi. Pasaka hii alibaki na mtoto, nasi tukaenda ibadani wote wawili, mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Wapendwa, karibuni kwetu. Mwenye mafua asubiri apone, wengine wanawe mikono. Tukiinama kuomba, mmoja abaki akitazama kifua cha mtoto. Huyo naye anaomba.