Bomba Jembamba: Tafakari ya Dominika ya 23, Mwaka C



Katika Injili ya Dominika hii (Lk 14:25-33) Bwana wetu anatuwekea mbele ya macho mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, mtu huyo hana budi kuketi na kupiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na kuwa kichekesho kwa wapita njia. Miaka yote tumelihubiri somo hili tukiwaelekea wanaojenga nyumba na wanaojiandaa kufunga ndoa. Safari hii tunalihubiri kwa aibu, kwa kuwa sisi wenyewe tulijenga bila kuketi.

Wengi wenu mnalifahamu bwawa la samaki lililo katika bustani, nyuma ya nyumba ya mapadre. Lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1, yaani lita 6,000 za maji. Tulipanda humo vifaranga 150 vya perege, nia yetu ikiwa kuwapatia kitoweo watoto wa chekechea ya parokia.

Samaki huishi katika maji yale yale wanayoyachafua. Uchafu wao na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndiyo maana bwawa dogo lenye samaki wengi huhitaji pampu na chujio. Pampu huyasukuma maji hadi kwenye pipa lenye kokoto, na humo bakteria waliojishikiza kwenye mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo. Bakteria hao wanahitaji oksijeni, na oksijeni yao huletwa na maji yapitayo. Kwa bwawa kama letu, yafaa maji yote yapite katika chujio mara moja kwa saa, au isizidi saa mbili.

Tulinunua pampu ya kuzamishwa majini. Boksi lake lilisema lita 6,000 kwa saa, na mwinuko wa juu kabisa mita 3.5. Mdomo wake ulikuwa wa inchi moja. Fundi bomba alipoutazama alituambia: “Baba, mdomo ni inchi moja, lakini bomba liwe inchi mbili.” Tulilinganisha bei, tukaona anataka kutuingiza gharama. Tukamwagiza aweke la inchi moja lote, mita 12 na elbo nne, na bomba la kurudishia maji bwawani liwe la kipimo kicho hicho. Alitii, maana ni vigumu kwa fundi kubishana na Paroko.

Baada ya miezi michache, asubuhi moja tulikuta samaki 41 wakielea, matumbo juu. Hatukuuliza swali hata moja. Tulimwita kijana anayetunza bustani, tukamshutumu kwamba hasafishi chujio na kwamba anamwaga chakula kupita kiasi. Tulilisema jambo hilo mbele ya Halmashauri ya Walei, naye akiwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Tukamkata sehemu ya posho yake ya mwezi. Kijana hakujibu neno.

Fundi alirudi kwa kazi nyingine, akasikia habari. Akaomba ndoo ya lita 20 na saa. Akaikinga ndoo pale maji yanapoingia katika pipa. Ilichukua sekunde 26 kujaa. Pampu ya lita 6,000 kwa saa ingepaswa kuijaza kwa sekunde 12. Yetu ilikuwa inapitisha lita 2,770 hivi kwa saa, na hapo chujio lilikuwa limetoka kusafishwa na kijana yule yule tuliyemwita mvivu.

Ndipo tulipoketi, tukiwa tumechelewa, kupiga hesabu. Kiasi kinachoandikwa kwenye boksi ni cha pampu isiyobeba mzigo wowote. Kila sentimita ya kupanda hupunguza maji, na msuguano ndani ya bomba huhesabiwa kana kwamba nao ni mlima. Lita 6,000 kwa saa zikipita katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hulazimika kwenda kwa mwendo wa mita 3.4 kwa sekunde, na kila mita 10 za bomba hilo hula nguvu sawa na kupanda mita 4.5. Pampu yetu mwisho wake ni mita 3.5! Maji hayo hayo katika bomba la milimita 50 huenda kwa mita 0.85 kwa sekunde, na mita 10 hula sentimita 15 tu. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, nafasi ya kupita huongezeka mara nne, lakini msuguano hupungua karibu mara 30. Elbo nazo zina deni lao: kila moja huhesabiwa kama urefu wa bomba wa mara 30 hivi ya kipenyo chake.

Fundi alitufundisha pia kwamba bomba la kurudishia halisukumwi na pampu. Maji hushuka kwa uzito wake tu, hivyo lazima liwe pana kuliko lile la kupandishia, la sivyo pipa litafurika. Akaweka inchi mbili za kupanda na inchi tatu za kurudi. Tulipomwuliza kwa nini asiweke inchi nne kote, alicheka. Bomba likiwa pana kupita kiasi, maji machafu hutembea polepole na tope hutulia njiani. Ndoo sasa hujaa kwa sekunde 15. Umeme tunaolipa haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika jambo hili mkuu alikuwa fundi, nasi tuliovaa kola nyeupe tulikuwa watoto wasiosikia. Lakini samaki wale si kidonda chetu kikubwa. Kidonda ni kijana aliyesimama mlangoni. Chanzo cha maji kilikuwa kizima, pampu ilikuwa nzima, mtunzaji alikuwa mwaminifu. Njia tuliyoichagua sisi kwa ubahili ndiyo iliyokuwa nyembamba. Nasi tulipoona matokeo, tulimtafuta mwenye sauti ndogo kuliko wote tukamtwika.

Je, si hivyo hivyo katika nyumba zetu? Baba hutoa dakika tano za mazungumzo kwa juma, kisha hulalamika kwamba watoto hawamsikilizi. Sisi mapadre hufungua kiti cha kitubio kwa nusu saa, kisha tunanung’unika kwamba waamini hawaungami. Neema ya Mungu haipungui, ila hupitishwa kwa mikono ya watu, na mikono hiyo yaweza kubanwa. Kabla ya kumlaumu aliye mwisho wa bomba, tupime kwanza bomba lenyewe.

Zakayo alipokutana na Bwana hakuishia kusema pole. Alirudisha (Lk 19:1-10). Kitubio bila malipizi ni nusu ya kazi. Basi katika kikao kilichofuata cha Halmashauri tulimwita kijana, tukamkalisha kitini, tukaeleza hesabu yote na kumwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimshutumu. Posho yake tulimrudishia. Alinyamaza kitambo, akasema: “Nimesamehe, Baba. Ila siku ile nilipofika nyumbani sikula.”

Maneno hayo tunayabeba hadi leo kila tunapopanda altareni. Juma hili kila mmoja wetu aketi na ajiulize: ni nani aliyelala na njaa kwa sababu ya hesabu ambayo sisi hatukuipiga? Tukimkumbuka, tumwendee kabla ya Dominika ijayo.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!